Macho kuwasha siyo klorini kuzidi: tuelewane kuhusu maji ya bwawa la nyumbani hapa Kigoma

Kuna mabishano hayaishi hapa Kigoma kila likija suala la mabwawa ya kuogelea, na siku hizi mabwawa yameongezeka kweli, siyo ya lodji tu, watu wanajenga majumbani, huko Bangwe, Katubuka, njia ya kwenda Mwandiga, mtu ana kiwanja kikubwa anaona bora achimbe kabwawa watoto wachezee palepale nyumbani kuliko kwenda ziwani kwenye mawimbi na kichocho. Sasa ikifika Jumapili watoto wanaingia majini kuanzia asubuhi, jioni wanatoka macho mekundu, ngozi inawasha, nywele zinanuka dawa, basi kwenye grupu la wasapu la mtaa inaanza kesi: yule kijana wa bwawa amezidisha klorini, atatuulia watoto. Mwenye bwawa naye anaogopa, anasema klorini isiwekwe wiki nzima. Wiki inayofuata maji yameanza ukijani, kuna mtoto anaumwa sikio, na macho yanawasha vilevile.

Naliandika hili kwa sababu linaumiza watoto bila sababu, na chanzo chake ni kuelewa kitu kinyume. Mara nyingi bwawa likinuka sana dawa na macho yakiwasha, klorini inayofanya kazi imepungua, haijazidi. Najua ukilisikia mara ya kwanza linakaa vibaya masikioni, lakini twende taratibu, mwisho utaona lina akili yake.

Klorini kwanza ni kitu tunachokifahamu wote hata kama hatukiiti hivo. Ndiyo iliyomo kwenye Waterguard unayoweka kwenye ndoo ya maji ya kunywa, ndiyo iliyomo kwenye Jik ya kufulia nguo nyeupe, ndiyo wanayoweka mamlaka za maji kwenye maji ya bomba, kinachotofautiana ni umbo na kiasi. Sisi wa Kigoma hatuhitaji kuambiwa inasaidia nini, 2015 wakimbizi wa Burundi walipojaa pale Kagunga na kipindupindu kikaingia, kutibu maji kwa klorini ilikuwa moja ya kazi za mwanzo kabisa. Kazi yake ni kuunguza vijidudu, inavunja ngozi yao ya nje na kuharibu vilivyomo ndani, na bakteria wengi wa tumboni hawamalizi hata dakika moja ndani ya maji yenye klorini ya kutosha.

Kiasi chenyewe kinapimwa kwa miligramu kwenye lita moja, wauzaji wanaiita ppm. Ukitaka picha rahisi, chukua simtanki la lita 1,000, weka humo gramu 1 ya klorini tupu, hiyo ndiyo ppm 1. Bwawa la kuogelea la nyumbani linatakiwa liwe kati ya 1 na 3. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha klorini kwenye maji ya kunywa, narudia ya kunywa, ni miligramu 5 kwa lita, sasa linganisha mwenyewe na hiyo 1 mpaka 3 ya bwawani. Kwa hiyo mtu akisema klorini yenyewe ni sumu hata kidogo ndiyo imemwasha mtoto, hapo tayari tumepotea njia.

Sasa shida inaanzia hapa: watu wanasema "klorini" kama ni kitu kimoja, kumbe ndani ya bwawa ziko za aina mbili na zina tabia tofauti kabisa. Fikiria kijiwe cha bodaboda pale Mwanga. Kuna bodaboda waliokaa wanasubiri abiria, hao ndiyo klorini huru, akija kijidudu tu wanaondoka naye. Kuna waliokwisha kubeba abiria, wako barabarani, ukiwapungia mkono hawasimami, hao ndiyo klorini iliyofungwa, imeshakamatana na uchafu na haina nguvu tena ya maana. Ukihesabu pikipiki zote mjini utapata namba kubwa ufurahi usafiri upo tele, wakati kijiweni hakuna hata mmoja. Hiyo namba ya wote ndiyo klorini jumla. Jumla ukiitoa klorini huru, kinachobaki ndiyo ile iliyofungwa, na bwawa zuri linatakiwa iliyofungwa isifike hata nusu ya ppm.

Na abiria wenyewe ni nani? Jasho, mkojo, mafuta ya kujipaka, losheni, mate, seli za ngozi. Kwenye jasho na mkojo kuna vitu vya jamii ya amonia na yurea, klorini ikikutana navyo inatengeneza kitu kinaitwa kloramini. Kloramini ndiyo inayonuka ile harufu ambayo kila mtu anasema "ee hapa wameweka dawa", na kloramini ndiyo inayowasha macho, inakereketa koo, inamfanya mtoto mwenye pumu aanze kukohoa pembeni ya bwawa. Bwawa lenye klorini huru ya kutosha na maji masafi harufu yake ni hafifu sana, wengine wakilinusa wanadhani halijawekwa dawa kabisa. Kwa hiyo unaponusa ule ukali, maana yake kuna klorini nyingi imekwisha kufungwa na uchafu, na huenda iliyo huru imebaki kidogo au haipo. Ukisikia hiyo harufu halafu ukasimamisha klorini, umewaondoa hata wachache waliokuwa wamebaki kijiweni.

Hapo hapo nimalizie lile la mkojo maana watoto wanadanganywa sana, kwamba kuna dawa ukikojoa majini maji yanageuka rangi ya zambarau au nyekundu kukuzunguka uaibike. Hakuna dawa hiyo. Kinachosaidia kweli ni kumwambia mtoto aende chooni kwanza, halafu ajimwagie maji mwili mzima kama dakika moja hivi kabla hajaingia, hiyo dakika moja inaondoa jasho na mafuta mengi ambayo yangekula klorini yako. Nashangaa mtu anatumia hela kujenga bwawa la mamilioni anashindwa kuweka bomba moja la kuogea pembeni. Wekeni bomba jamani, linaokoa dawa kuliko kitu kingine chochote.

Kuhusu vipimo, nao wanachanganya watu. Kuna kile kichupa cha matone kinachogeuza maji kuwa ya njano, ni cha bei rahisi na ndicho utakachokikuta kwa watu wengi, lakini kile kinapima klorini jumla peke yake, yaani kinahesabu pikipiki zote. Unaona njano imekolea unasema klorini imejaa, kumbe yote imefungwa. Kinachotenganisha ni kile cha DPD, cha vidonge au matone yanayogeuza maji kuwa ya pinki, unapima klorini huru kwanza kisha unaongeza kidonge cha pili unapata jumla. Vile vikaratasi vya kuchovya vyenye visanduku vya rangi navyo vinafaa kwa matumizi ya nyumbani mradi kiwe na kisanduku cha klorini huru na havijapitwa na wakati, kopo ukiliacha wazi kwenye unyevu wa huku vinaharibika mapema. Kama hapa mjini huvipati agiza Dar au Mwanza vije na basi, ni mzigo mdogo. Na jambo moja la DPD wengi hawalijui: klorini ikiwa juu mno, labda zaidi ya 10, ile pinki inafutika, maji ya kipimo yanabaki meupe, mtu anadhani klorini ni sifuri anaongeza nyingine. Ukiona kidonge kimepiga pinki sekunde moja halafu ikapotea, changanya maji ya bwawa na maji safi ya chupa nusu kwa nusu upime tena, jibu zidisha mara mbili.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho kwa maoni yangu ndiyo kiini cha matatizo ya mabwawa ya Kigoma, nacho ni pH. pH ni kipimo cha maji kuelemea upande wa asidi au upande wa magadi, kinaanzia 0 mpaka 14, katikati ni 7, chini ya hapo ni asidi, juu ya hapo ni magadi. Bwawa linatakiwa likae kati ya 7.2 na 7.8, na machozi yetu yenyewe yako karibu 7.4, ndiyo maana maji yakienda mbali na hapo macho yanalalamika hata bila kloramini. Lakini kubwa zaidi ni kwamba pH ndiyo inayoamua klorini yako ifanye kazi kwa nguvu au isinzie. Klorini huru ndani ya maji inagawanyika sehemu mbili, moja kali inayoua haraka na nyingine dhaifu. Kwenye maji yasiyo na stebilaiza (nitaieleza hiyo mbele), pH ikiwa 7.2 sehemu kali ni karibu theluthi mbili, pH ikiwa 7.5 ni kama nusu, ikifika 8 imebaki robo, na ikifika 8.5 ni sehemu 1 tu kati ya 10. Yaani bodaboda wapo kijiweni, tena wengi, ila wamelala juu ya pikipiki zao.

Na maji yetu yanatoka wapi? Ziwa Tanganyika. Maji ya ziwa hili kwa asili yana pH ya kuanzia 8.6 kwenda juu mpaka karibu 9, samaki wake wanaopelekwa Ulaya kufugwa kwenye matangi ya vioo huwa wanawekewa chumvi za kuongeza pH ili wajisikie wako nyumbani. Ukijaza bwawa kwa maji yanayotoka ziwani, siku ya kwanza tu umeanza na maji ambayo klorini inasinzia humo. Mwenye bwawa anafuata maelekezo ya kwenye kopo, anaweka kipimo kile kile cha mtu wa Dar au cha mtu wa Arusha, anapima klorini anakuta iko 2, anasema safi, kumbe nguvu ya hiyo 2 haifiki hata ile ya nusu kwenye maji yenye pH nzuri. Ndiyo unaona mwani unaota wakati kipimo kinasema klorini ipo. Ukiwa na ndugu Tabora usikopi kipimo chake vilevile, wao wanatumia maji ya Ziwa Victoria yanayokuja kwa bomba na yale ya bwawa la Igombe, ni maji laini zaidi, ya kwetu ni magumu kuyashusha.

Ugumu huo wa kuyashusha una jina lake, ni ukinzani wa maji dhidi ya kubadilika pH, wataalamu wanaita alkaliniti. Bwawa linatakiwa liwe na alkaliniti ya ppm 80 mpaka 120 hivi, maji ya Tanganyika yenyewe yana zaidi ya 300. Maana yake unaweka asidi leo, pH inashuka vizuri mpaka 7.4 unafurahi, baada ya siku mbili tatu imepanda tena 8.2, unadhani umeuziwa asidi feki. Asidi siyo feki. Maji yenye alkaliniti kubwa yanatoa hewa ya ukaa kidogokidogo, ile ile ya kwenye soda, na ikishatoka pH inapanda, na ukiwa na kale kamaporomoko ka mapambo au chemchemi katikati ya bwawa inapanda haraka zaidi maana maji yanatikiswa. Kila ukiweka asidi unakula kiasi fulani cha alkaliniti, kwa hiyo ukivumilia wiki kadhaa za kushusha, kupima, kushusha tena, unafika mahali maji yanatulia. Nikupe hesabu ujue ukubwa wa kazi: bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha wastani mita moja na nusu lina mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Kuitoa alkaliniti kutoka 320 mpaka 120 inataka karibu lita 19 za asidi ya haidrokloriki ya asilimia 31. Siyo kwa siku moja, usithubutu. Nusu lita mpaka lita moja kwa awamu, pampu ikiwa inazunguka, subiri masaa manne, pima, kama pH imefika 7.2 acha mpaka ipande tena.

Asidi hiyo inaunguza, inatoa moshi unaokata pumzi, vaa glavu na miwani, simama upande upepo unakotoka, mimina taratibu karibu na uso wa maji upande wa kina kirefu. Kama unaipunguza makali kwenye ndoo, maji yatangulie ndoo kisha asidi, kamwe usianze na asidi ukamwagia maji juu yake. Na watoto wasiwepo.

Kwa hiyo utaratibu kwa huku kwetu ni pH kwanza, klorini baadaye. Ukipima klorini tu bila pH umejua idadi hujui kama wako macho.

Halafu kuna jua. Jua letu la karibu na ikweta linakula klorini vibaya sana, bwawa la wazi lisilo na kinga linaweza kupoteza nusu ya klorini huru ndani ya saa moja tu ya jua la mchana. Mtu anaweka asubuhi saa mbili, saa sita hakuna kitu, na watoto wanaingia saa saba. Kwa hiyo kwanza weka klorini jioni jua likishazama, ipate usiku mzima ya kufanya kazi. Pili ndiyo hiyo stebilaiza niliyoitaja, jina lake asidi ya sayanuriki, yenyewe inaishika klorini kidogo na kuikinga na jua, kama mwembe wa kijiweni, bodaboda wanakaa kivulini wanatoka akija mteja. Kiasi kizuri ni 30 mpaka 50. Kikizidi, kivuli kinakuwa kitamu mno hawatoki, klorini ipo ila inafanya kazi polepole sana.

Na kinazidije? Hapa ndipo zile tembe kubwa nyeupe za klorini zinapowaponza watu. Tembe za traiklo ni nzuri kwa sababu zina asidi ndani yake, kwa maji yetu ya magadi zinasaidia hata kushusha pH, zinayeyuka polepole kwenye kile kidude kinachoelea, zimerahisisha maisha kabisa. Lakini kila ppm 10 za klorini zinazotoka kwenye tembe zinaacha nyuma karibu ppm 6 za stebilaiza, na stebilaiza haivukizwi na jua, haiishi, inabaki. Bwawa linalokula ppm 2 kwa siku litaongeza stebilaiza kama 36 kwa mwezi, miezi mitatu umeshapita 100, halafu mwenye bwawa anashangaa mbona dawa siku hizi haishiki, anabadili duka, anabadili kijana wa bwawa. Dawa ni ile ile. Tiba yake ni kutoa sehemu ya maji na kujaza mapya, hakuna unga wa maana wa kuifuta. Mimi ningeshauri utumie tembe mpaka stebilaiza ifike 40 hivi, kisha uhamie klorini ya unga, yaani kalsiamu haipokloraiti, ambayo haina stebilaiza.

Unga wenyewe unapimwaje? Kopo limeandikwa asilimia 65 au 70, maana yake siyo wote ni klorini. Chukua lile bwawa letu la mita za ujazo 48, unataka kupandisha klorini kwa ppm 2: 48 mara 2 ni gramu 96 za klorini tupu, gawa kwa 0.65 unapata karibu gramu 150 za unga. Ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, wengine wanatupia bakuli zima kwa macho. Nunua mzani mdogo wa jikoni, uandikwe wa bwawa usirudi jikoni tena. Kama unga hakuna na una Jik ya kawaida isiyo na manukato wala sabuni, inafanya kazi, ila klorini yake ni asilimia 3 na nusu hivi, hivyo kwa kipimo hicho hicho utahitaji karibu lita 3, gharama yake utaiona mwenyewe.

Ukikuta maji yananuka ukapima ukaona iliyofungwa imefika tuseme 0.6, dawa yake ni kuweka klorini nyingi kwa mkupuo, mara 10 ya hiyo iliyofungwa, hapa ni ppm 6, kwa bwawa letu ni gramu 440 hivi za unga, jioni, pH ikiwa 7.2 mpaka 7.5, pampu izunguke usiku kucha na kama bwawa lina turubai lisifunikwe. Klorini nyingi inazivunja kloramini zenyewe mpaka zinatoka kama hewa. Kuweka kidogokidogo hakusaidii, kunatengeneza kloramini zaidi, na ndiyo maana yule aliyeweka "kidogo tu kwa usalama" anapata harufu kali kuliko jana. Watoto wasiingie mpaka klorini huru ishuke chini ya 5. Kwa sababu ndiyo, kuzidi kweli kupo, ukifika 10 ngozi inakauka na nguo za kuogelea zinapauka, ila dawa yake ni jua na subira ya siku moja.

Mvua zikianza, kuanzia Oktoba au Novemba mpaka Aprili huko, udongo wa vilimani unashuka, maji yanapata tope na chakula cha mwani, klorini inapungua, umeme nao ukikatika pampu imesimama. Watu wanakimbilia shabu. Shabu ni nzuri kwa kazi yake, inakusanya tope likae chini ulifyonze, na inashusha pH kidogo pia. Lakini shabu haiui kitu. Maji yakishang'aa mtu anaona yamepona, anawaita watoto, wakati maji meupe kama kioo yanaweza kuwa na vijidudu vya kutosha kulaza nyumba nzima. Na kinyume chake, maji yenye ukungu hata kama klorini imekaa sawa, ukisimama pembeni huoni tundu la kutolea maji kule chini, hakuna mtu kuingia, mtoto akizama hamtamuona. Hilo nalisema kwa msisitizo wote nilio nao.

Maji yakishakuwa kijani kabisa: punguza pH mpaka 7.2, sugua kuta zote na ngazi kwa brashi, mwani unajikinga na utelezi wake, kisha pandisha klorini kama ppm 10, kwa bwawa letu robo tatu ya kilo ya unga, zungusha, osha filta, rudia siku inayofuata mpaka asubuhi ukipima klorini iwe haijashuka sana toka jana usiku. Anayetumia maji ya kisima achunguze kwanza, maji yenye madini ya chuma yakiwekewa klorini yanageuka kahawia, watu wanafikiri ni mwani wanaongeza klorini na kahawia inazidi.

Suala la kuhifadhi ndiyo linanitia hofu kuliko yote. Unga wa klorini na tembe za traiklo vikichanganyika vinaweza kuwaka moto au kulipuka, hata kijiko kimoja kisitumike kwa vyote viwili. Klorini yoyote ikikutana na asidi inatoa gesi ya sumu, ile ile iliyotumika vitani kule Ubelgiji 1915, kwa hiyo madumu yake yakae mbali, na bwawani ukiweka asidi subiri masaa manne ndiyo uweke klorini. Usiweke unga stoo moja na petroli, mafuta ya taa, oili au rangi. Unapoyeyusha, ndoo iwe na maji tayari ndiyo unga uingie. Na tafadhali usinunue dawa iliyopimwa kwenye mfuko wa nailoni bila lebo, huwezi kujua ni dawa ipi kati ya hizo mbili.

Mtoto anayeharisha asiingie bwawani kabisa, hata kama amechangamka na analia. Kuna kimelea kinaitwa kriptosporidiamu, kina gamba, kinaweza kukaa zaidi ya siku 7 kwenye maji yenye klorini iliyokaa sawa kabisa, meza maji kidogo tu nawe umekipata, na kama daktari alishasema ni hicho basi akae nje wiki mbili baada ya kupona. Kinyesi kigumu kikionekana, toa watu wote, kiokote kwa chujio, weka klorini 2 na pH isizidi 7.5, subiri nusu saa. Cha kuharisha bwawa linafungwa, klorini inapandishwa mpaka 20 na kushikiliwa hapo karibu masaa 13 kwa maji yasiyo na stebilaiza.

Na ukifika wakati wa kutoa maji, iwe ni kwa ajili ya stebilaiza au usafi, usifungulie yakiwa na klorini kwenda kwenye mtaro, mitaro mingi ya mji huu inaishia ziwani na klorini kidogo sana inaua samaki wachanga. Acha kuweka dawa, ondoa turubai, jua lifanye kazi siku kadhaa, pima, ikisoma 0 ndiyo utoe, na utoe sehemu tu, theluthi moja hivi kwa mara, maana bwawa likiachwa tupu masika wakati ardhi imelowa, maji ya chini yanaweza kulisukuma juu na kupasua sakafu.